Kabla ya Kuchota Maji ya Kijani Ziwani

Chovya fimbo kwanza. Ikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, huo huenda ni mwani wa kawaida. Ikitoka kama imepakwa rangi ya kijani, hizo huenda ni sayanobakteria, bakteria wa majini wanaofanana na mwani. Si zote zenye sumu, lakini kwa macho hutambui zipi ni zipi, kwa hiyo zihesabu zote kuwa nayo.

Watoto wasioge hapo. Ng'ombe na mbwa wasinywe.

Usichote ukingoni upande upepo unakoelekea. Utando wote hurundikana huko. Ghuba zilizotulia, kama Murchison karibu na Ggaba, Ziwa Victoria upande wa Uganda, ndizo mbaya zaidi. Kama kuna bomba, kisima kirefu au maji ya mvua, acha ziwa.

Sasa kuchemsha, maana hapa ndipo watu wanapojiponza. Moto huua vijidudu vya kipindupindu na taifodi. Mikrosistini, sumu ya sayanobakteria inayoharibu ini, haivunjwi na maji yanayochemka. Tena moto hupasua seli, sumu iliyokuwa ndani ikamwagika, mvuke ukapaa, nayo ikabaki kwenye maji machache zaidi. Agosti 2014, watu wapatao nusu milioni wa Toledo, Marekani, mji unaochota Ziwa Erie, waliambiwa wasinywe maji ya bomba wala wasiyachemshe. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa kila siku yasizidi mikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa lita. Sufuria haikufikishi huko.

Vidonge vya klorini navyo hupasua seli, na dozi ya nyumbani huishia kwenye uchafu kabla ya kuigusa sumu. Kitenge kilichokunjwa mara nne huzuia mabonge, lakini sumu iliyoyeyuka hupita.

Samaki mtoe matumbo na ini, umsuuze kwa maji safi. Mukene, yaani dagaa wa ziwani, huliwa mzima, kwa hiyo uliovuliwa penye utando usiununue.

Ukiyanywa ukaanza kutapika au kuharisha, au macho yakageuka manjano, nenda hospitali na utaje maji ya kijani, la sivyo unaweza kutibiwa malaria. Dawa ya kuifuta sumu hiyo haipo. Daktari hutibu dalili.

Utando ukitoweka, usikimbilie na jerikeni. Seli zikifa humwaga sumu, na maji yanayoonekana safi yanaweza kubaki nayo kwa siku kadhaa, hata wiki. Samaki wanaoelea wamekufa usiwaokote, hata kwa kulisha nguruwe.