Somo: Kuogesha ng'ombe kwa bomba la mgongoni mpaka kupe wafe kweli

Ukipita Magu, Misungwi au Kwimba, mkoani Mwanza, utasikia wafugaji wakisema kupe wa siku hizi ni sugu. Sugu wapo, hilo halina ubishi. Lakini kabla hujailaumu dawa, piga hesabu. Chupa ya mililita 100 ya amitrazi, dawa ya kuua kupe, ya asilimia 12.5 hutoa lita 50 za maji ya dawa. Ng'ombe mkubwa anataka lita 5 hivi ndipo alowe mpaka kwenye ngozi. Kwa hiyo chupa hiyo ni ya ng'ombe 10. Ikiogesha 30 na nyingine ikabaki, hao hawakuogeshwa, wamenusishwa dawa tu.

Wajue kupe wako kwanza. Kupe wa kahawia hukaa ndani ya masikio, na ndiye anayeleta ndigana kali, muuaji mkubwa wa ndama na ng'ombe wa maziwa ukanda huu. Kupe bluu ni mdogo, husambaa ubavuni, shingoni na tumboni. Huleta mkojo damu na ndigana baridi. Kupe mkubwa mwenye mgongo wa madoa ya rangi hupenda kiwele, kinena na mfuko wa korodani. Huyo huleta maji moyo, na mdomo wake mrefu huacha kidonda kinachoweza kuua chuchu. Yupo pia mwenye miguu myekundu, anayejificha chini ya mkia. Mtu akipiga bomba mgongoni na ubavuni tu, anamfikia kupe bluu peke yake, na wale wengine watatu wanabaki wakimcheka.

Hatua ya 1: Vifaa. Bomba la mgongoni la lita 16 au 20 lisilovuja, ambalo halijawahi kubeba dawa ya magugu. Bomba la sindano la mililita 20 la kupimia dawa, ndoo, kitambaa cha kuchujia maji, kitambaa kingine cha masikio. Glavu, buti, miwani na barakoa. Usipimie kwa kizibo cha soda wala kifuniko cha chupa: vifuniko havilingani, na hapo ndipo kipimo cha watu wengi huharibikia.

Kibanio cha miti ni lazima. Ng'ombe anayezungushwa na kamba zizini hataogeshwa tumboni.

Hatua ya 2: Kumwandaa mnyama. Kamua kwanza. Kisha mnyweshe maji ya kutosha, maana ng'ombe mwenye kiu atalamba dawa mwilini au kunywa iliyotuama chini. Ogesha asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Wingu likiwa zito upande wa Ziwa Viktoria, ahirisha. Ng'ombe aliyetoka kutembea mbali au maksai aliyetoka kulima apumzike kwanza.

Hatua ya 3: Kuchanganya. Soma karatasi ya chupa. Usisome jina la biashara tu. Tafuta jina la kiini cha dawa na asilimia yake. Amitrazi ya asilimia 12.5 ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji, yaani mililita 32 kwa bomba la lita 16. Saipamethrini ya asilimia 10 mara nyingi ni mililita 1 kwa lita, yaani 16 kwa bomba hilohilo. Chupa yako ikisema tofauti, fuata chupa.

Jaza maji nusu bomba, mimina dawa uliyopima, koroga, kisha ongeza maji hadi alama. Maji ya ziwani au ya lambo yachujwe. Tope huziba tundu la bomba, na dawa hushikana na uchafu badala ya kushika ngozi. Changanya unayoitumia siku hiyohiyo. Amitrazi iliyolala kwenye maji hupoteza nguvu, hivyo ile uliyobakiza kwa ajili ya wiki ijayo usiitegemee.

Usichanganye dawa mbili "ili ziwe kali". Hujui utapata nini, na ng'ombe ndiye atakayekuonyesha.

Hatua ya 4: Kuogesha. Simama upande upepo unakotoka. Anza uti wa mgongo kuanzia nundu hadi shina la mkia, ukipiga kinyume na ulalo wa manyoya. Shuka shingoni na kwenye ngozi inayoning'inia chini ya shingo, kisha mbavu, kwapa na kati ya miguu ya mbele. Inama upige tumbo lote kutoka chini. Kiwele au korodani, mapaja kwa ndani, miguu mpaka kati ya kwato. Inua mkia, loweka shina lake na sehemu yote inayozunguka njia ya haja, kisha tumbukiza nywele za mwisho wa mkia kwenye ndoo ya dawa.

Masikio mwisho, na hapa ndipo penye kazi. Usipige mkondo wa bomba ndani ya sikio. Dawa itaingia machoni na mnyama atakataa siku nyingine zote. Lowesha kitambaa kwenye maji ya dawa, kamua kidogo, futa sikio lote ndani na nje, kila mkunjo. Masikio mawili yafutwe kwa kila mnyama, ndama akiwemo.

Dalili ya kazi nzuri ni maji kudondoka tumboni na kwenye viwiko. Bomba la lita 16 likimaliza zaidi ya ng'ombe wakubwa watatu, umewapunja. Waache kivulini mpaka wakauke. Kabla ya kukamua tena, osha kiwele kwa maji safi, na zingatia muda wa kutotumia maziwa na nyama ulioandikwa kwenye chupa.

Hatua ya 5: Ziwa. Kwa sisi tunaokaa ufukweni hili lina uzito wake. Saipamethrini na ndugu zake wa kundi la pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo mno. Usioshee bomba ziwani, mtoni wala kwenye bwawa la sato. Usiwapeleke ng'ombe wabichi wa dawa kunywa ziwani: wataingia mpaka tumboni, dawa yote itaoshwa, kupe watabaki na dagaa watakufa. Maji ya kusuuzia bomba yamwage kwenye shimo mbali na maji. Chupa tupu itoboe na uifukie. Watoto wasiichotee maji.

Hatua ya 6: Ratiba. Msimu wa mvua, kila siku 7. Ng'ombe wa maziwa chotara anayechungwa kwenye kupe wengi, mara 2 kwa wiki. Kiangazi, wa kienyeji anaweza kwenda siku 14 kama ukikagua masikio hukuti kitu. Sababu ya siku 7 ni kwamba jike la kupe wa kahawia hunyonya karibu wiki moja, kisha hudondoka kwenda kutaga mayai maelfu. Ukiruka wiki, umempa nafasi ya kujaza malisho. Na sababu ya mara 2 ni hii: vimelea vya ndigana kali huchukua siku kadhaa kukomaa kwenye mate ya kupe baada ya kujishikiza. Akifa mapema, hajawahi kuambukiza.

Hatua ya 7: Kukagua. Baada ya saa 48, shika ng'ombe watatu uangalie masikio, kiwele na chini ya mkia. Kupe waliokauka au waliolegea si tatizo. Ukikuta majike yaliyojaa damu, yako hai, na una hakika na kipimo na lita ulizotumia, basi fikiria usugu. Hapo badilisha kundi la dawa, siyo jina la chupa. Kutoka saipamethrini kwenda deltamethrini hujahama popote, hizo ni za ukoo mmoja. Kutoka saipamethrini kwenda amitrazi ndiko kuhama. Kupe wenyewe weka hai kwenye kichupa chenye matundu madogo, umpelekee afisa mifugo awasiliane na maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapa Mwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Sengerema: Bwana mifugo, nimeogesha saa tatu, saa nne mvua ikapiga. Nirudie?

Jibu: Kama walikuwa bado wabichi, rudia kesho wakiwa wakavu. Kama walishakauka, endelea na ratiba yako.

Mwanachama, Kisesa: Shikamoo daktari. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, hawatoki bandani, nawakatia majani. Kupe wanatoka wapi?

Jibu: Marahaba, mama. Wanakuja na majani. Majani ya kando ya njia na ya ufukweni, ng'ombe wa watu wanapopita, hubeba kupe wadogo kama mbegu za mchicha. Yaanike juani siku moja kabla ya kulisha, au panda matete kwenye eneo ambalo mifugo haipiti. Ziba nyufa za banda, na kila wiki endelea kuogesha na kufuta masikio.

Mwanachama, Magu: Dawa ya pamba inaua kupe haraka na ni rahisi kuipata. Kwa nini mnaikataza?

Jibu: Kwa sababu haikutengenezwa kwa ngozi ya mnyama, haina kipimo cha ng'ombe, na hakuna anayejua maziwa yatakaa na sumu siku ngapi. Ukiona ng'ombe anatoa mate mengi, machozi, anaharisha na kutetemeka baada ya kuogeshwa, muoshe kwa maji mengi na sabuni, ita daktari mara moja, na umwambie ukweli umetumia nini. Usipomwambia atatibu ugonjwa mwingine.

Mwanachama, Ukerewe: Sindano ya aivamektini haitoshi? Inapunguza kazi ya bomba.

Jibu: Humsaidia mwenye kupe bluu, kwa sababu huyo hukaa kwa ng'ombe mmoja tangu anapopanda akiwa mdogo mpaka anapodondoka kutaga, kama wiki 3. Kupe wa kahawia hubadilisha wanyama watatu, hukaa siku chache kila safari, na sindano humdhuru kidogo. Ndigana kali utaipata palepale. Isitoshe, maziwa ya ng'ombe aliyechomwa aivamektini ya kawaida hayanywewi.

Mwanachama, Kwimba: Nimefunga ngitili (malisho ya akiba) miezi sita bila mnyama kuingia. Si kupe wamekufa kwa njaa?

Jibu: Hapana, ndugu. Kupe wa kahawia aliyekomaa anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula kama nyasi ni ndefu na chini kuna unyevu, na ngitili ndiyo hiyo. Siku ya kufungua, ingiza kwanza maksai na ng'ombe wakubwa wa kienyeji walioogeshwa jana yake, uwaogeshe tena kila baada ya siku chache. Watakuwa wanakufagilia kupe. Ndama na mitamba chotara waje baadaye.

Mwanachama, Misungwi: Ndama ana uvimbe chini ya sikio na mbele ya bega, joto 41, anakohoa. Nimemchoma oksitetrasaiklini siku mbili, hapati nafuu.

Jibu: Hiyo inafanana sana na ndigana kali, na oksitetrasaiklini peke yake haitibu ndigana kali iliyokwisha kujitokeza. Dawa yake ni buparvakwoni, mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, kwenye msuli wa shingo. Ndama wa kilo 80 anapata mililita 4. Pima uzito kwa utepe, usikisie. Mwite afisa mifugo leo, siyo keshokutwa: povu likishaanza kutoka puani mapafu yamejaa maji, na dawa ile ile inakuwa gharama ya bure.

Mwanachama, Misungwi (tena): Na hawa wengine niwachanje?

Jibu: Ndiyo, walio wazima. Chanjo ya ndigana kali huchomwa mara moja, na mnyama huvishwa hereni. Hutolewa pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu, kwa hiyo lazima ifanywe na mtaalamu; chanjo yenyewe hutunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni iliyo kimiminika. Usiache kuogesha baada yake. Haizuii ndigana baridi, mkojo damu wala maji moyo.

Mwanachama, Buchosa: Imebaki dawa ya amitrazi kwenye bomba. Nimpige na punda wa kubebea maji?

Jibu: Usithubutu. Amitrazi husimamisha matumbo ya punda na farasi. Punda atolewe kupe kwa mkono, watumbukizwe kwenye mafuta ya taa, au tumia dawa ambayo chupa yake imemtaja punda kwa jina.