Kurekebisha upenu wa mbao uliooza

Katika nyumba za Bagamoyo zilizo karibu na bahari, upenu huoza hasa pale maji ya masika yanapopenya kwenye tundu la msumari wa paa ulioliwa na kutu, kwa hiyo ziba kwanza tundu hilo, la sivyo ubao mpya nao utaoza. Dunga mbao kwa bisibisi. Inapozama bila nguvu, hapo pameoza. Kata mpaka ufikie mbao isiyooza, wala usikubali fundi apake rangi juu ya uozo. Ncha ya kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ikiwa imeoza, iungie ubao wa ubavuni unaoingia vya kutosha kwenye sehemu isiyooza. Tumia mtiki au mvule uliokauka, na kabla ya kuupigilia kwa misumari isiyoshika kutu, upake dawa ya kuzuia kuoza na rangi pande zote, hasa kwenye ncha zilizokatwa, ambazo hunyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote.