Siku za kwanza bila pombe: umpigie nani na umwambie nini

Kama umeamua leo ndo basi na pombe, kabla hujamwaga chochote shika simu kwanza. Nasema hivi kwa sababu mi nilijaribu kuacha kimya kimya mara tatu, sikumwambia mtu, najiambia eti sitaki kusumbua watu, kumbe moyoni nilikuwa nataka nikirudia asijue mtu. Ile siri ndo ilikuwa mlango wa nyuma. Mara ya nne niliwaambia watu watatu siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, na hiyo ndo iliyoshika.

Hao watatu kila mmoja ana kazi yake, usiwachanganye.

Wa kwanza ni daktari au nesi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kama ni mtu wa kunywa mara moja moja inaweza isiwe ishu kubwa, ila kama unakunywa kila siku, au asubuhi lazima uzimue ndo mikono itulie, usikate ghafla ukiwa peke yako umejifungia chumbani. Ubongo ulishazoea kutulizwa na pombe kila siku, sasa ukiiondoa kwa mkupuo unabaki umewaka hauna breki. Arosto ya pombe inaanza kama masaa 6 mpaka 24 toka glasi ya mwisho, unatetemeka, jasho, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu, usingizi hamna. Ndani ya siku 2 za mwanzo kuna watu wanaanguka na kukakamaa kama wenye kifafa, afu kuanzia siku ya 2 mpaka ya 4 wachache wanafika pabaya zaidi, mtu anachanganyikiwa hajui alipo, anaona vitu ambavyo havipo, homa juu, na hiyo hali inaua kama haijatibiwa. Kwa wengi mwili unaanza kupoa ndani ya wiki moja, ingawa usingizi unaweza kusumbua zaidi ya hapo.

Ukifika kwa daktari usipunguze. Wengi wetu tukiulizwa unakunywa kiasi gani tunataja nusu, sasa dozi inapangwa kwa ile nusu na we unaenda kuteseka kwa nzima. Sema unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, toka lini, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, ulishawahi kuanguka au kuona mauzauza ulipojaribu kuacha, na dawa nyingine zote unazotumia. Kwa hayo ndo ataamua kama utaacha ukiwa nyumbani au ulazwe siku chache. Kuna dawa za kutuliza kama diazepam zinatolewa kwa muda mfupi huku dozi ikishushwa, na kuna vitamini B1, maana pombe inaimaliza mwilini na ikikosekana ubongo unaharibika. Usiazime hivyo vidonge vya kutuliza kwa jirani ukajipangia dozi mwenyewe, vikikutana na pombe pumzi inaweza kukata. Na ukianguka, ukichanganyikiwa, ukiona au kusikia visivyokuwepo, ukatapika mpaka maji hayakai, hiyo sio ya kusubiri asubuhi, ni hospitali saa hiyo hiyo, na mtu akupeleke, usiende mwenyewe.

Wa pili namwita mtu wa jioni. Kila mnywaji anaijua saa yake, ile saa ambayo miguu inajua njia yenyewe. Yangu ilikuwa saa 12, nikitoka tu kazini. Huyu mtu kazi yake ni kuishika hiyo saa na we, hana haja ya kujua chochote kuhusu ulevi, anahitaji tu kuwa mtulivu na asiwe anakunywa hiyo jioni. Anaweza kuwa dada, shemeji, mfanyakazi mwenzio, kiongozi wako wa dini, yeyote anayeweza kukaa na we bila kukuhubiria.

Kosa ninaloliona kwa watu ni kuomba msaada wa jumla. Unamtumia mtu "naomba uniombee, naacha pombe", anakujibu "hongera sana, Mungu akusimamie", mazungumzo yameishia hapo, na saa 12 inakukuta uko peke yako. Omba kitu kimoja chenye siku na saa. Meseji yangu ilikuwa hivi, niliiandika nikaifuta kama mara tano, vidole vinatetemeka mpaka herufi zinaruka:

"Kaka nimeacha kunywa leo. Saa 12 mpaka saa 3 usiku ndo nashindwa. Naomba leo, kesho na keshokutwa uje tukae au unipigie saa 12 kamili. Sihitaji ushauri, nataka tu nisiwe peke yangu."

Alijibu neno moja, "Nakuja". Angalia meseji yenyewe ilivyo, ina siku tatu tu, ina saa, na inamwambia asichotakiwa kufanya, na hiyo ya mwisho inasaidia sana kwa sababu watu wanaokupenda wakiogopa wanaanza kukufokea.

Akija msikae mnaangaliana. Kuleni kwanza, maana njaa na hamu ya pombe zinafanana sana siku hizo, tembeeni kidogo, oga, laleni mapema. Hamu ikipanda inapanda kama wimbi, kwa kawaida ndani ya nusu saa inashuka hata usipoifanyia kitu, kwa hiyo mkiongea tu dakika 30 hamjapoteza muda, ndo tiba yenyewe hiyo. Na andika majina matatu ya watu wa jioni kwenye karatasi, sio kwenye simu, ubandike pale unapovaa viatu, ili wa kwanza asipopokea usianze kufikiri, unahamia wa pili.

Wa tatu ni mtu aliyepita njia hiyo hiyo. Hapa ndo penye utamu kwangu, maana ndugu anakuonea huruma lakini aliyewahi kuficha chupa nyuma ya kabati anakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Mwaka 1935 kulikuwa na mfanyabiashara Mmarekani anaitwa Bill Wilson, ana miezi kama mitano hajanywa, biashara yake imekwama huko Akron, Ohio, amesimama kwenye ukumbi wa hoteli anasikia watu wanacheka baa. Akaenda kwenye simu akaanza kupigia namba za makanisa kuulizia kama kuna mlevi yeyote anayeweza kuongea naye. Mwisho wakamkutanisha na daktari mmoja mnywaji, Bob Smith, ambaye alikubali kutoa dakika 15 tu, wakaishia kukaa masaa. Kutoka hapo ndo ikazaliwa Alcoholics Anonymous, AA, yaani walevi wanaokutana kusaidiana kuacha pombe, ambayo sasa ina vikundi nchi nyingi na mikutano mingine inafanyika mtandaoni.

Siku ya kwanza AA inatisha nje kuliko ndani. Hamna ada, hamna fomu, sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Unasema jina la kwanza tu, na ukiulizwa unataka kuongea unaruhusiwa kusema "leo nasikiliza". Fika dakika 10 kabla umwambie mtu wa mlangoni "ni mara yangu ya kwanza", afu usikimbie ikiisha, baki dakika 5 uombe namba za simu mbili, mi naona hizo namba zina thamani kuliko mkutano mzima. Kikundi cha kwanza kisipokukaa jaribu kingine. Kama lugha ya Mungu iliyomo AA inakukwaza kuna SMART Recovery, nao ni vikundi vya kusaidiana ila wao hawatumii dini. Na watu wa nyumbani kwako nao wana cha kwao, Al-Anon, wapeleke maana nao wamechoka.

Washkaji wa mtungi waandikie mstari mmoja, "niko kwenye matibabu, sitatoka kwa sasa", toka kwenye grupu, usibishane na mtu. Anayekujali kweli atakutafuta sehemu isiyo na chupa.

Ukiteleza ukanywa, mpigie yule yule mtu wa jioni usiku huo huo, usisubiri uwe msafi ndo umwambie. Mwambie umekunywa kiasi gani na uko wapi. Na kama umerudia kwa siku kadhaa mfululizo usikate tena mwenyewe kisa mara ya kwanza ulipona, arosto ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza, anza upya na daktari.