Tumbo la kijana lisiloisha kuuma? Mpe daftari

Kabla hujanunua dawa ya minyoo kwa mara ya tatu, mpe daftari. Kwa wiki mbili aandike tumbo linauma saa ngapi, sehemu gani, alikula nini, choo kikoje (kukosa choo siku kadhaa ni chanzo kinachosahaulika sana) na, kwa msichana, tarehe za hedhi. Kisha lipelekeni daftari kwa daktari. Kama kijana huoga Ziwa Victoria, mtajie; kichocho cha tumbo hupimwa kwa choo. Halafu toka nje kidogo, kijana aongee na daktari peke yake. Kuna mambo hayasemwi mbele ya mama.

Ila maumivu yakihamia chini kulia, au mvulana akiumwa ghafla tumbo na korodani, daftari liache: hospitali saa hiyo hiyo.