Kuhamisha boila na jenereta kwenda bayodizeli: anza na tanki

Watu wengi wakisikia bayodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, wanakimbilia kuuliza bei ya lita, mi nasema kabla hujanunua hata pipa moja kafungue tanki lako kwanza. Bayodizeli inasafisha, yaani ule uchafu ulioganda chini na ukutani miaka yote ya dizeli ya kawaida inaubandua wote, unakimbilia kwenye filta, boila inazima katikati ya shifti halafu mafuta ndo yanabebeshwa lawama. Kwa hiyo toa maji yaliyotuama chini, sugua tanki, weka filta za akiba, mwanzoni utazibadilisha sana ila baadae inatulia.

Usirukie B100, yaani bayodizeli tupu. Anza na B20, yaani asilimia 20 bayodizeli na 80 dizeli, ila angalia kwanza mtengenezaji wa mashine anaruhusu mpaka kiwango gani, usije ukapoteza waranti. Kwa B20 nguvu inashuka asilimia 1 au 2 tu, kwa B100 ni kama 8. Na ukienda B100 sili na hozi za mpira wa asili zinalainika na kuvuja, weka za Viton (mpira wa viwandani unaohimili mafuta), mabomba ya shaba nayo yatoe maana yanafanya mafuta yaharibike haraka.

Muuzaji akupe cheti cha maabara cha kila mzigo, kinachoonyesha yamefikia kiwango cha ubora cha ASTM D6751 (cha Marekani) au EN 14214 (cha Ulaya), usikubali maneno matupu. Usiyalaze zaidi ya miezi 6, na kama kwenu kuna baridi kumbuka bayodizeli ya mawese inaanza kuweka ukungu, yaani kuanza kuganda, hata kwenye nyuzi 13 za Selsiasi hivi.

Sasa kaboni yenyewe, yaani ile hewa chafu unayotaka kuipunguza kwa kuikimbia dizeli, na hapa ndo watu wanadanganywa. Yote inategemea mafuta yametoka wapi! Ya kukaangia yaliyokwisha kutumika, hesabu za Umoja wa Ulaya zinaipa bayodizeli yake punguzo la kaboni la zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na dizeli, lakini mawese ya shamba lililofyekwa msituni yanaweza kuchafua kuliko hiyo dizeli unayoikimbia. Dai karatasi ya asili ya mafuta, bila hiyo usiandike punguzo lolote kwenye ripoti, na ukiwa na B20 usijihesabie asilimia 80, hesabu ile sehemu ya 20 tu.

Kama mashine zako haziwezi kabisa kuguswa, ulizia HVO, nayo ni dizeli ya mafuta ya mimea au ya wanyama ila inatengenezwa kwa haidrojeni, muundo wake unakaribiana sana na dizeli, injini nyingi zinaipokea hata asilimia 100 bila kubadilisha sili. Bei yake imechangamka, lakini swali la mafuta yametoka wapi liko palepale.