Jinsi ya kuuza mahindi yako mwenyewe na usiliwe

Kila Julai, mahindi ya tambarare yakishakauka, ubishi uleule unarudi kwenye kikundi chetu cha wakulima hapa Boma Ng'ombe, Kilimanjaro: mkulima aachwe auze anakotaka, au apangiwe pa kuuzia? Mimi ni katibu wa kikundi, nalima huku chini upande wa Rundugai, na niko upande wa aachwe. Ila nimeona watu wengi wakipewa huo uhuru asubuhi na kuukabidhi kwa dalali kabla ya mchana. Ndiyo maana naandika haya.

Wanaotamani mtu mmoja anunue yote kwa bei moja wawaulize wazee. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, na nafaka ikawa ya Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, bei moja nchi nzima. Kusafirisha mahindi mkoa hadi mkoa kulihitaji kibali, na vizuizi vya barabarani vilikuwapo mpaka 1987. Walanguzi hawakuisha, walihamia usiku tu. Na kwa Wachaga hili halikuanza na mahindi: mwaka 1937 kulizuka fujo mlimani kwa sababu watu walilazimishwa kuuza kahawa kupitia KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, peke yake. KNCU hiyohiyo ilisomesha watoto wengi, sikatai. Kilichowaudhi watu ni neno "lazima".

Haya, tuingie kwenye kazi.

Anza na ukavu, maana mahindi mabichi hayana bei, yana huruma ya mnunuzi. Yaanike juu ya turubai, usiyamwage chini kwenye udongo. Kupima kama yamekauka huhitaji mashine. Chukua chupa ya soda ya kioo, safi na kavu kabisa. Kaanga chumvi kidogo kwenye sufuria mpaka iwe kavu inayotiririka, iache ipoe. Jaza mahindi theluthi ya chupa, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi, ziba, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Hapo wengi hufurahi na kufunga magunia. Usifunge bado. Kiwango cha Afrika Mashariki, ambacho hata Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wanakifuata, ni asilimia 13.5. Ongeza siku mbili za jua kali baada ya chupa kukubali.

Usidhani huo unyevu ni kisingizio cha wanunuzi. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inaanzia hapo, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na hapo jirani yetu Manyara. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na ilipofungua siku chache baadaye ilitaka cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Sasa mizani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mkulima anapoliwa mchana kweupe.

Gunia la mahindi ni kilo 100, kama debe sita. Dalali anakuja na salfeti zake, anajaza debe ya saba, anashona kilemba juu kwa kamba, na bado analiita gunia moja. Hiyo ndiyo rumbesa, na sheria ya vipimo inaikataza. Piga hesabu: gunia sita za rumbesa zina debe sita za ziada. Yaani umeuza gunia sita na ukampa la saba bure, ulilolima, ukapalilia na kulipia wapukuchuaji.

Nunueni mizani ya kikundi, iliyokaguliwa na kubandikwa stika na Wakala wa Vipimo. Hata mkiwa nayo, mnunuzi atakuja na ya kwake, akisema ya kwenu haipimi sawa. Msigombane. Leteni mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, kilo 50, uning'inizwe kwenye mizani yake mbele ya watu wote. Ukisoma 46, mazungumzo yameisha. Kuna kijana mmoja tulimfanyia hivyo, akacheka kwa aibu: "Mama, si tutumie tu gunia? Gunia ni gunia." Nikamwambia, "Gunia ni kilo, mwanangu. Ning'iniza." Alinunua kwa mizani yetu, na msimu uliofuata alirudi.

Angalieni pia wanaokata kilo nzima kwa kila gunia, eti uzito wa kifungashio. Salfeti tupu haifiki hata robo kilo. Mpimieni aone.

Kuhusu wakati wa kuuza: Julai na Agosti sisi tunavuna, na mahindi ya Kiteto, kule Manyara, yameshaanza kuingia. Soko linajaa, bei inalala. Mnunuzi anajua una deni la trekta. Ninachoshauri ni kugawa mavuno mafungu matatu. La kwanza ni chakula cha nyumbani, lisiguswe. La pili uza mapema, kiasi cha kulipa madeni na si gunia zaidi. La tatu liweke mpaka baada ya Krismasi, wakati maghala ya wengine yameanza kulia na ada za shule zinadaiwa.

La kuweka liingie kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Funga kila tabaka peke yake, sokota mdomo, kunja, kaza na kamba. Dumuzi anakosa hewa anakufa, huna haja ya dawa. Inua mifuko juu ya mbao, na paka awepo, maana panya akitoboa mmoja umerudi ulikotoka.

Bei usimuulize anayekuja kununua. Piga simu masoko matatu siku moja: Kilombero pale Arusha, Mbuyuni pale Moshi, na Himo. Himo ndiyo inayosema ukweli wa mpaka, kwa sababu iko karibu na Holili, kituo cha mpaka wa Kenya. Wakenya wakiwa na njaa ya mahindi, Himo inapanda kabla ya Mbuyuni. Ila kumbuka kwamba mahindi ya Bonde la Ufa huko Kenya huanza kuingia sokoni kuanzia Oktoba na kuendelea, kwa hiyo bei ya mpakani isikutie wazimu ukasubiri bila mpango. Toa nauli, kupakia na kushusha ndipo ulinganishe na bei ya mlangoni kwako. Mara nyingine ya mlangoni inashinda, na hakuna aibu kuuza nyumbani.

Mpaka wenyewe, tusidanganyane. Juni 2017 Waziri Mkuu Majaliwa, akiwa hapahapa Moshi kwenye Baraza la Idd, alipiga marufuku kupeleka mahindi nje bila kibali. Mwaka 2023 vibali na leseni vikakazwa tena, malori yakapanga foleni Namanga. Sababu ya serikali ninaielewa, nchi isikose unga. Ninachouliza ni kwa nini anayebeba gharama ya kuwashibisha watu wa mjini awe mkulima peke yake, kwa bei iliyoangushwa. Mpaka hapo watakapojibu, wewe usivushe mwenyewe na usiguse njia za panya. Uza kwa mwenye leseni, namba ya mlipakodi na kibali, na cheti cha afya ya mimea akifuate yeye. Na usiweke mahindi yako yote kwenye tumaini la mpaka, maana mpaka huo unaweza kufungwa kwa hotuba moja.

Mbaazi ni habari nyingine. Kwa mbaazi, ufuta, choroko na dengu serikali imekuwa ikisukuma stakabadhi za ghala na mnada, yaani unaweka mzigo ghalani, unapewa risiti, na unauzwa kwa mnada. Wenzangu wengi wanapinga kabisa. Mimi nilishuhudia mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kuingiza na bei huku ikaanguka mpaka watu wakaacha kuvuna, na uhuru wetu wote haukusaidia kitu. Mnada wenye mizani ya haki na malipo ya haraka ningeuza hapo kwa hiari. Hiari ndiyo neno. Malipo yakichelewa, niwe na pa kwenda.

Ushuru wa mazao ni wa mnunuzi kulipa, si wako. Asikukatie kwenye bei. Ukisafirisha mwenyewe mzigo usiozidi tani moja kwenda halmashauri nyingine, ushuru huo ulifutwa 2017. Getini bado kuna vijana hawajasikia, kwa hiyo tembea na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema mahindi ni yako na ni magunia mangapi.

Siku ya kuuza, kikundi kikusanye mzigo mahali pamoja, lori lijae kituo kimoja. Mnunuzi asiyezunguka nyumba kwa nyumba ana nafasi ya kuongeza bei, na mtamwambia hivyo waziwazi. Mmoja asome mizani kwa sauti, wawili waandike kwenye madaftari mawili, na mnunuzi asaini yote mawili. Pesa ikija kwa simu, usiamini ujumbe. Fungua salio uone, mpigie mweka hazina naye aone la kwake, ndipo dereva apewe funguo.