Jinsi ya Kuandaa Ziara ya Kujifunza Baina ya Vikundi vya Mialo ya Ziwa Victoria

Kikundi cha mwalo, yaani ufuko wa kupakulia samaki, kiwe cha wanawake wa Kirumba au cha vijana wa Igombe huko Mwanza, kinachotaka kwenda kujifunza Kisumu, Kenya, au Jinja, Uganda, kianze kwa kuandika swali moja tu, tena linalogusa mali: mtumbwi ni wa nani, bei ya dagaa hupangwa na nani, fomu ya mkopo husainiwa na nani. Ziara isiyo na swali huishia kwenye soda na picha za pamoja.

Kisha tafuteni mwenyeji aliyekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Huko Nduru, kaunti ya Kisumu, wanawake waliochoshwa na jaboya, yaani desturi ya mchuuzi kudaiwa mwili wake ndipo auziwe samaki, walijipatia mitumbwi yao mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakaajiri wanaume wavue, na samaki wakawa mali yao. Msirudi na nusu hiyo tu ya habari. Mitumbwi ilichakaa, matengenezo yakawaelemea, na mafuriko ya mwaka 2020 yakawahamisha watu wa ufuko huo. Kwa hiyo ulizeni gharama za mbao, za nyavu na za kuziba nyufa, na kama kulikuwa na akiba ya matengenezo. Mhojini mweka hazina wao akiwa peke yake, kwa sababu mwenyekiti amekwisha kuzoea wageni na majibu yake yamelainika.

Wasafiri sita wanatosha. Wawemo mweka hazina wenu, vijana wawili, na mwanamume mmoja mwenye mitumbwi, maana asipokwenda kujionea ndiye atakayepinga mtakaporudi. Ondokeni wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa wamepumzika. Wanaopitia mpaka wa Sirari kuingia Kenya wawe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria.

Mnaporudi, msibebe utaratibu wa jirani mzimamzima. Kenya ilianzisha mfuko wa taifa wa biashara za wanawake mwaka 2007, ilhali kwetu Tanzania halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Somo la Nduru basi ligeuzwe kuwa kifungu cha katiba ya kikundi, kinachotaja kiasi kitakachowekwa kwa matengenezo kila mtumbwi unapouza, na kifungu hicho kiambatanishwe na andiko la mkopo mnalompelekea afisa maendeleo ya jamii wa kata. Fanyeni hivyo ndani ya wiki mbili, kabla kumbukumbu hazijachuja.

Wenyeji wenu nao waalikeni Mwanza, safari hii wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa, na walale karibu na mwalo, ili alfajiri mitumbwi inaporudi waone dagaa wakipimwa, wakilipiwa na kuanikwa kwenye vichanja.